Mashine ya Nyaya Haitaki Kupoa

Mama Nyaya alikuwa msusi, na hata wasusi wenzake wa mtaa ule, wakibanwa sana, walikiri kwa shingo upande kwamba mkono wake ni wa peke yake. Alisukia sebuleni. Mteja alikaa kwenye kigoda uso ukielekea dirishani, na nyuma yake, juu ya meza ya pembeni, kilisimama kitu kimefunikwa kitambaa cha maua. Asiyejua alidhani ni cherehani. Waliojua walijua ni kompyuta ya mezani ya mwanawe, kwamba haiwaki, na kwamba ole wake atakayethubutu kuweka kikombe cha chai juu yake, hata kama haiwaki.

Mwana mwenyewe ndiye Nyaya. Jina hilo walimpa majirani akiwa bado mdogo, kwa tabia yake ya kufungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa na sauti zaidi na skrubu pungufu. Kompyuta ile aliiunda akiwa sekondari, kwa vipande vya kuokoteza, kasha la huku na feni ya kule, na ilipowashwa ilinguruma mpaka wateja wakawa wanapaza sauti kusengenya, na masengenyo yakipazwa sauti hayana utamu. Alipomaliza chuo akapata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka michache, akaaga, akaenda. Mwaka uleule mashine nayo ikafa. Mama Nyaya akaifuta vumbi, akaifunika, na tangu hapo hakuacha kuifuta vumbi.

Simu za Nyaya mwanzoni zilikuja kila wiki. Baadaye zikawa za mwisho wa mwezi. Baadaye zaidi zikawa za kuvizia: hujambo Mama, umeamkaje, shangazi hajambo, haya Mama, salio linaisha. Mama Nyaya alijua fika kwamba salio la huko haliishi hivyo, lakini alinyamaza, kwa sababu mzazi anayembana mwanawe kwa salio atabaki na salio, mwana asimpate. Alichokuwa nacho ni simu ndogo ya vitufe. Ile ya kupapasa aliyotumiwa ilitumbukia kwenye beseni la dawa ya nywele siku ya tatu, na hakutaka kutumiwa nyingine akaonekana mharibifu. Kwa hiyo sura ya mwanawe hakuiona. Alisikia sauti tu, na kwa kuwa sura hakuiona, kichwani mwake ilibaki ileile ya siku ya kuondoka.

Ndipo Jumamosi moja mchana simu ikalia bila kutarajiwa.

"Mama, ile mashine yangu bado ipo?"

"Iende wapi? Haina miguu."

"Nataka tuifufue."

"Tuifufue nani na nani?"

"Mimi na wewe. Nitaagiza vifaa dukani huko huko, watakuletea mpaka mlangoni. Mimi nitakuelekeza kwa simu. Vidole unavyo. Wewe unasuka nywele nyembamba kuliko waya wowote uliomo mle ndani."

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walishasema, na Mama Nyaya alikumbuka msemo huo, akaumeza. Alichokisikia yeye katika maneno yale yote ni kimoja tu: mtu hafufui mashine ambayo haji kuitumia. Alipokata simu aliingia chumba cha mwanawe, akatoa godoro juani, akafagia hadi uvunguni. Hakumuuliza kama anarudi. Angeuliza angepewa jibu, na yeye hakuwa anataka jibu, alikuwa anamtaka mtoto.

Vifaa vililetwa kwenye boksi moja: bodi mpya, prosesa ndogo ya mraba inayong'aa, kadi mbili za kumbukumbu, chuma kizito chenye mapezi kikiwa kimebeba feni yake, na diski mpya nyembamba kama kitafunio cha mgonjwa. Kasha likabaki lilelile la zamani, kwa kuwa Nyaya alisema kasha ni ukoo, halibadilishwi ovyo.

Wakaanza. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana Mama Nyaya alifunga mlango, akaiweka simu kwenye kigoda cha wateja ikiwa imefunguliwa sauti, akapiga magoti mbele ya kasha lililolazwa kwenye mkeka. Alianza na vumbi. Nyaya alisema litafutwe kwa brashi kavu na upepo usio wa moto, na Mama akaleta draya yake ya nywele, akaiweka kwenye baridi, akapuliza mpaka sebule nzima ikapiga chafya.

"Sasa prosesa, Mama. Kona moja ina kapembetatu ka dhahabu. Umekaona?"

"Nimekaona."

"Na kwenye bodi kuna kengine. Vikutanishe. Usisukume. Ikikaa sawa inadondoka yenyewe."

"Na isipodondoka?"

"Basi umekosea kona. Usilazimishe, Mama. Hapo chini pana miguu midogo mamia, ukipinda mmoja tumezika."

Ikadondoka yenyewe. Alibana kishikizo cha chuma kinachoishikilia huku amefumba macho, kikatoa mlio uliomfanya aombe msamaha kwa Mungu na kwa duka. Kadi za kumbukumbu nazo zilitaka kukandamizwa mpaka ziseme "ka" huku na huku, na yeye, aliyezoea vichwa vya watu, alikuwa akizikandamiza kwa huruma mno.

"Kaza mkono, Mama. Haziumii."

"Nitajuaje kama haziumii?"

Walipofika kwenye krimu, ile ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea ili joto lipate njia ya kutoka, walikaribia kugombana. Nyaya alisema kiasi cha punje ya mchele, katikati. Mama Nyaya akaona huo ni uchoyo. Akachukua ncha ya kitana chake cha mkia, akachora mistari sawasawa, njia kwa njia, kama anayempaka mteja mafuta kabla ya kusuka.

"Umeweka punje?"

"Nimeweka vizuri."

"Mama. Hatupaki kichwa mafuta."

"Kichwa kikavu hakisukiki," akajibu, na Nyaya akacheka. Kicheko kile kilimfikia mama yake kikiwa kizima, kile chake cha zamani kinachoanza puani. Alikuwa hajakisikia tangu uwanja wa ndege. Akaifuta mistari, akaweka punje, akafunga chuma kwa skrubu zake kwa zamu, kona na kona yake, kama alivyoelekezwa.

"Sasa huo waya mfupi wenye kichwa cheupe ndio wa feni. Uchomeke pale pini nne zilipo. Huo ukiusahau, prosesa inapata moto dakika chache tu."

"Inaungua?"

"Haiungui, zina akili siku hizi. Zikizidiwa na joto zinajizima zenyewe."

Maneno hayo Nyaya aliyasema kwa nia ya kumtoa mama yake hofu. Angejua yatakavyotumika, angeyameza.

Kwa maana Jumamosi iliyofuata, walipounganisha pawa na skrini na Mama Nyaya akabonyeza kitufe, mashine iliwaka. Iliwaka mara ya kwanza, bila shida yoyote. Feni ikazunguka kimyakimya, skrini ikafungua ukurasa wake wa mwanzo, na pembeni pakaandikwa joto la prosesa, tarakimu ndogo iliyotulia. Mama Nyaya akaitazama. Badala ya kufurahi, akapiga hesabu. Imepona. Imebaki diski tu, kazi ya mchana mmoja, kisha Nyaya atasema hongera Mama, na wiki ijayo hatapiga, wala ile nyingine, na zitarudi zile za kuvizia na salio linaisha.

"Mama? Inasemaje?"

Alinyoosha mkono, akachomoa kile kichwa cheupe.

"Inawaka," akasema, na hakusema uongo. Kisha wakaongea hili na lile, na baada ya kitambo mashine ikajizima yenyewe, tena mbele ya macho yake, kama ilivyoahidiwa. "Ee, imezima."

Ndivyo ugonjwa ulivyoanza, na ulikuwa ugonjwa mtamu. Nyaya alikuwa mtu wa kutokubali kushindwa na chuma. Alipiga Jumamosi, akapiga na Jumatano katikati ya wiki. Alimwambia afungue chuma, afute krimu, apake upya. Akapaka upya. Alimwambia ageuze feni ya nyuma ya kasha kama inavuta badala ya kutoa. Akaigeuza, akairudisha. Alimwambia asogeze meza mbali na ukuta ipate hewa. Akasogeza mpaka wateja wakawa wanapita ubavu.

"Feni ya prosesa inazunguka, Mama? Iangalie vizuri."

Hapo ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu Mama Nyaya alikuwa mtu wa dini na uongo ulimkaa vibaya mdomoni. Kwa hiyo alichukua kitana, akaingiza ule mkia kati ya mapanga ya feni, akayasukuma.

"Inazunguka," akasema, na ilikuwa inazunguka.

Na katikati ya kungoja ipoe ili wajaribu tena, waliongea. Nyaya alimsimulia dirisha la chumba chake linalotazama ukuta wa tofali, jirani wa juu anayetembea na viatu ndani, bosi anayekula tufaha kwenye kila mkutano. Alimuuliza namna ya kupika wali usigande. Alimuuliza Baba alikuwa mtu wa namna gani akiwa na umri wa Nyaya wa sasa, swali ambalo hakuwahi kuuliza akiwa nyumbani, akiwa ameketi mita mbili kutoka kwake akichomelea nyaya. Baadhi ya siku waliisahau kabisa mashine. Mama Nyaya akikata simu alikaa palepale mkekani akiyarudia maneno yote, ya mwanawe na ya kwake, mpaka chai ikapoa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na utamu wake vilevile.

Kila Ijumaa aliapa kesho ataurudisha ule waya. Na kila Jumamosi kesho ilisogea mbele. Siku moja Nyaya alipiga miayo katikati ya sentensi, akasema amekesha akisoma habari za watu waliopatwa na tatizo kama hilo, na wote feni zao zilikuwa mbovu. Mama Nyaya akauma kidole. Siku hiyo alikishika kabisa kile kichwa cheupe, akakisogeza mpaka kwenye pini. Ndipo Nyaya akasema, "Usijali Mama, mimi nawe hatushindwi, Jumatano nakupigia." Akakiachia.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likimshangaza. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akisuka mara moja moja kwa kubembelezwa, alianza kuja kila baada ya siku chache. Anasuka leo, keshokutwa yuko mlangoni, ati zinamkaza, ati hazimpendezi, zifumuliwe.

"Wifi, umepata mchumba?" Mama Nyaya alimuuliza.

"Mchumba wa nini na magoti haya?"

"Basi hiki kichwa umekifanya shamba. Unalima na kufumua, unalima na kufumua. Nywele zitakuhama."

Wifi alikuwa na mdomo wa kujibu mapigo, lakini siku hizo hakujibu. Alikaa kigodani amekumbatia mkoba wake mapajani. Mara alianza, "Wifi, kuna jambo nilitaka kukwambia." Mama Nyaya akasema sema. Wifi akatazama dirishani. "Hizi za mbele zilaze upande," akasema.

Sasa, katika ukoo ule neno zito halitoki kinywani mwa mtoto kwenda sikioni mwa mzazi. Linapita kwa shangazi. Mtu akitaka kuoa anamwambia shangazi, akifeli mtihani anamwambia shangazi, na shangazi anatafuta siku, anatafuta saa, analifunga neno vizuri ndipo analipeleka. Mama Nyaya aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, maana hata kifo cha mumewe alikisikia kwa shangazi. Kuwa na akili hakumzuii mtu kutoona kilichokaa kwenye kigoda chake mwenyewe, na yeye alikuwa na kitana mkononi na Jumamosi kichwani.

Jumamosi hiyo wifi alikuja mapema, na simu ilipolia alikuwa amesukwa upande mmoja tu. Upande wa pili ulisimama wazi, umechanuliwa.

"Mama," akasema Nyaya, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza hesabu ngumu, "nimelipata tatizo. Ni prosesa yenyewe. Imetoka kiwandani na kasoro. Nimeshaongea na wale wa dukani, Jumatatu fundi wao anakuja kuichukua mashine nzima. Wataimaliza wao huko huko, na diski wataweka, watakuletea imekamilika. Wewe pumzika sasa."

"Asije mtu," akasema Mama Nyaya.

"Kwa nini?"

"Asije tu. Tutamaliza wenyewe."

"Mama, umechoka. Wiki ngapi unapiga magoti kwenye mkeka kwa ajili yangu?"

"Nimekwambia nimechoka?"

Wifi, aliyeona sauti zinapanda, akainuka kigodani na kichwa chake cha nusu kwa nusu, akainamia kasha apate na yeye kuchangia. Alikuwa hajui lolote kuhusu kompyuta. Alijua tu kitu kikining'inia.

"Nyaya, baba," akaiambia simu, "hiki kichwa cheupe hapa cha feni kinaning'inia hivi, ndivyo kinavyotakiwa?"

Draya iliyosahauliwa ikawa inavuma peke yake juu ya meza, na Mama Nyaya akaenda kuizima kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

"Mama," Nyaya akasema taratibu. "Huo waya ulichomoka?"

Angeweza kusema ndiyo. Kitanda cha uongo kilikuwa kimeshatandikwa, alale tu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho mbele ya wifi.

"Niliuchomoa."

"Lini?"

"Siku ile ilipowaka."

"Kwa nini, Mama?"

"Ikipona utanipigia kwa lipi?" Sauti ilimpanda, na hakuizuia. "Kabla ya hii mashine nilikuwa nakupata kama mwezi mwandamo. Umekula Mama, salio linaisha Mama. Imeugua, nikakupata Jumamosi na Jumatano. Nimekusikia unacheka. Nifanye nini, nikupigie magoti uniongeleshe? Nimekuzaa mimi, sikuombi. Nimekukumbuka mpaka mwili unauma, basi. Umesikia."

Wifi alikuwa amejishika mdomo. Kule ng'ambo zilisikika pumzi zikivutwa puani.

"Uchomeke, Mama," Nyaya akasema. "Tuendelee."

Akauchomeka. Mashine ikawaka, feni ikazunguka bila kusukumwa na mtu, na ile tarakimu ya joto ikapanda kidogo, ikasita, ikatulia. Wifi akaisoma kwa sauti kila ilipobadilika, na hakuna aliyemwambia aache.

Ikabaki diski. Nyaya akamwambia achomeke ile flashi iliyokuja na vifaa, kisha akamtaka amsomee yaliyoandikwa, herufi moja moja, mpaka wakafika mahali panapoonyesha diski mpya ikiwa tupu yote, mstari mmoja mrefu mweupe usio na jina.

"Hapo ndipo inapogawiwa," Nyaya akasema. "Ukitaka unaweza kuikata vipande, kila kipande na jina lake. Lakini..."

"Ya kwako niweke kiasi gani?" Mama Nyaya akauliza. Alikuwa amepata nguvu. Ukishasema la moyoni, mengine ni mepesi. "Nusu? Una mambo mengi wewe, mimi sina kitu. Niwekee kakona tu nihifadhi picha za mitindo."

"Iache iwe moja, Mama. Yote yako."

"Yangu ya nini? Mashine ni yako. Ukija utaweka wapi vitu vyako?"

Wifi akarudi kigodani, akakaa, akaufungua mkoba wake na kuufunga.

"Shangazi," Nyaya akasema, "kumbe hujamwambia?"

"Nilikuwa natafuta saa, baba."

"Umetafuta tangu lini?"

"Tazama hiki kichwa uhesabu," akasema wifi, na akaanza kulia.

Mama Nyaya akaelewa vitu vyote kwa mpigo, kufumua na kusuka, nywele za mbele zilazwe upande, mkoba mapajani. Akakaa mkekani kitako, karibu na kasha.

"Niambie mwenyewe," akaiambia simu. "Shangazi yako amechoka kusukwa."

"Nimesaini kubaki, Mama. Wamenipa kazi ya kudumu."

"Ya kudumu mpaka lini?"

"Hawaandiki mpaka lini."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati barabarani, na wote watatu wakangoja kipite.

"Hiyo mashine sikuitengeneza nije niitumie," Nyaya akaendelea, haraka sasa, kama anayeshuka ngazi gizani. "Nimeitengeneza uwe nayo wewe, tuonane. Kamera anayo Shangazi. Nilimtumia akupe siku atakayokwambia, vije pamoja, kibaya na kizuri. Mama, kama ule waya ungekaa mahali pake tungekuwa tumeonana zamani."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Jumamosi zote zile alikuwa ameushikilia mlango kwa mikono miwili akidhani anamzuia mwanawe asitoke, kumbe alikuwa anamzuia asiingie. Alitaka kumkasirikia mtu. Akamtazama wifi, wifi mwenye nywele nusu, kamasi nusu, ameshika kiboksi kidogo cha kamera kilichochakaa pembe kwa kuzungushwa mkobani, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Nielekeze kuikata," akasema.

"Kuikata nini?"

"Hii diski. Nusu yangu, nusu yako."

"Mama, haina maana. Hiyo nusu itakaa bure."

"Wifi," akasema wifi taratibu, akijifuta macho, "asiyekuwepo na lake halipo."

"Kwa wengine," akajibu Mama Nyaya. "Chumba chake kimekaa kitupu miaka yote hii, nakifagia, sijafa. Hiki cha kwenye diski, ambacho hata ufagio hakitaki, ndicho kitanishinda? Nielekeze, baba. Nabonyeza wapi?"

Nyaya akamwelekeza. Sauti yake ilikuwa inakatika, na si kwa mtandao. Mstari mweupe ukawa miwili. Kwenye wa kwanza Mama Nyaya akaandika MAMA. Kwenye wa pili aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, jina halisi la mwanawe, lile alilopewa na baba yake, ambalo majirani wamelisahau. Walipomaliza akaaga vizuri, akakata simu. Kisha akamgeuza wifi kuelekea dirishani, akaisuka ile nusu iliyobaki kwa mkono mzito kiasi kwamba wifi machozi yalimtoka upya, na safari hii alijua sababu na hakulalamika. Wiki zilizofuata hakuonekana tena kuja kufumua.

Jumamosi iliyofuata ikafika. Kamera ilikuwa imeshikizwa juu ya skrini, programu zote zimekaa, mtandao umeunganishwa, kazi ya Jumatano nzima na Nyaya simuni. Hakuna kilichokuwa kinaumwa. Mama Nyaya alikula mchana, akafunga mlango kwa mazoea, akakaa mbele ya mashine iliyotulia kiasi kwamba alilazimika kuinama kusikiliza kama iko hai. Saa yao ikafika. Simu ya vitufe ikakaa kimya. Saa yao ikapita.

Hakuwahi, tangu mwanawe aondoke, kumpigia yeye. Anayepiga ni mtoto, mzazi hupokea, ndivyo alivyojiwekea, na heshima ile ilikuwa imemgharimu sana. Alitazama kitufe cha kijani cha kupigia kwenye skrini. Akajifunga kitambaa kichwani upya, akakaa sawa, akabonyeza.

Iliita, ikaita. Kisha pakawa na giza, na vishindo, na sauti iliyojaa usingizi, maana kwake ilikuwa bado alfajiri: "Mama? Kuna nini? Imezima tena?"

"Haijazima. Inafanya kazi."

"Joto?"

"Halina neno."

"Sasa..."

"Sasa nimekupigia."

Taa ikawashwa upande wa pili, na Nyaya akatokea. Hakuwa yule wa siku ya kuondoka. Mashavu yalikuwa yamejaa, ndevu zimeshuka hadi shingoni, na kwenye paji la uso palikuwa na mkunjo mmoja ambao Mama Nyaya aliufahamu, kwa kuwa aliishi na baba yake Nyaya, aliyekuwa nao. Alijitayarishia maneno wiki nzima. Yote yakamkimbia. Jicho lake likaenda lilikozoea kwenda.

"Nani anakunyoa?"

Nyaya akajipapasa. "Kuna kinyozi hapa chini. Kwani vipi?"

"Amekuachia ngazi hapo juu ya sikio." Tangu alipoota nywele mpaka asubuhi ya kuondoka hakuna mkono mwingine uliomnyoa. "Geuka nione kisogo."

Akageuka. Akainamisha shingo, mabega akayashusha, akatulia vilevile alivyotulia akiwa mtoto, akingoja. Kisogo kikajaa skrini nzima. Mama Nyaya akanyoosha mkono mpaka vidole vikafika kwenye kioo, akavipitisha kutoka sikio hadi sikio.

"Umemaliza?" Nyaya akauliza, bado ameinama.

"Bado," akasema. "Tulia hivyohivyo."